Sevilla nje ya foleni: hapa au pale?

Anayefika Sevilla mara ya kwanza ana ratiba isiyo na mjadala: kanisa kuu na mnara wake wa Giralda, kasri la Alcázar, Plaza de España. Za mbili za kwanza kata tiketi mapema mtandaoni, uzione zote, umalize. Mjadala unaanza baadaye, ukiwa umebakiwa na siku moja au mbili na umechoka kufuata kijibendera cha kiongozi wa watalii. Mji huu wa kusini mwa Hispania umejaa vituko: mamba anayening'inia kanisani, mifupa iliyochorwa ikizima mshumaa, mji jirani wenye mamia ya watu wanaoitwa Japón. Ila ukivisoma kwenye orodha, vingi vinafanana. Kuna makanisa mawili ya kutisha, magofu mawili ya Kirumi, safari mbili za ng'ambo ya mto. Hapa nimevipanga viwili viwili, na kwa kila jozi nasema mimi ningeelekea wapi.

Kwanza saa. Sehemu nyingi ndogo za Sevilla hufungwa mchana, kuanzia saa nane hivi hadi saa kumi na moja jioni, na makanisa mengine hufunga hata mapema zaidi. Makumbusho mengi hayafunguliwi kabisa Jumatatu. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo anayejipangia vituo sita kwa siku ataona vitatu na jioni atakuwa kitandani na kitambaa cha maji usoni. Weka viwili asubuhi, kimoja jioni, basi. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba na Novemba, unaweza kuongeza, isipokuwa Juma Kuu, maana maandamano ya vyama vya kitume hufunga mitaa na kila ratiba inavurugika.

Kifo kilichochorwa: Caridad au San Luis?

Hospitali ya la Caridad iko mwendo wa dakika chache kutoka kanisa kuu, upande wa mto, karibu na uwanja wa kupigana na ng'ombe. Watalii wengi hupita mbele yake wakaangalia vigae vya buluu na vyeupe kwenye uso wa kanisa, wakaendelea na safari. Ndani, mara tu unapoingia kanisani, chini ya roshani ya kwaya, michoro miwili ya Juan de Valdés Leal ya 1672 inatazamana. Katika mmoja, mifupa mitupu ya mtu imebana jeneza kwapani na kubeba fyekeo, mguu umekanyaga tufe la dunia, na mkono mwingine unazima mshumaa. Kuzunguka ule moto kumeandikwa kwa Kilatini: kufumba na kufumbua. Chini yake ni fujo la mataji, kofia za maaskofu, silaha na vitabu. Katika mchoro wa pili askofu amelala jenezani na mavazi yake yote ya ibada, uso umeanza kuoza, wadudu wanamtambaa. Juu yake mkono wenye kovu la msumari umeshika mizani. Upande mmoja pameandikwa "si zaidi", upande wa pili "si pungufu".

Aliyeagiza michoro hii ni Miguel Mañara, tajiri aliyefiwa na mke 1661, akajiunga na chama cha la Caridad mwaka uliofuata, kisha akawa kiongozi wake. Kazi ya chama hicho ilikuwa kuzika waliozama mtoni na walionyongwa, watu wasiokuwa na wa kuwazika. Ukishajua hilo michoro inaacha kuwa ya kutisha tu, inakuwa na hoja. Kifo kiko mlangoni, halafu kuta zinakuonyesha matendo ya huruma yaliyochorwa na mchoraji Murillo, kuwalisha wenye njaa, kuwatembelea wafungwa, na mwisho, kwenye altare kuu, sanamu za Pedro Roldán zinaonyesha tendo la mwisho: kuzika wafu. Unatembea ndani ya mahubiri. Mañara mwenyewe aliandikiwa kaburini kwamba hapa pamelala mifupa na majivu ya mtu mbaya kuliko wote waliopata kuwako duniani. Waongozaji watakwambia yeye ndiye Don Juan wa kwenye hadithi. Usiwaamini, tamthilia ya kwanza ya Don Juan ilichapwa yeye akiwa mtoto mdogo.

Michoro minne ya Murillo unayoiona ukutani ni nakala. Jemadari Soult wa jeshi la Napoleon alizichukua asili 1810, na leo zimetawanyika London, Washington, Ottawa na Saint Petersburg. Nakala ziliwekwa 2008. Na hospitali bado inafanya kazi. Wazee wasiojiweza wanatunzwa humo, kwa hiyo sauti ichungwe.

San Luis de los Franceses iko kaskazini mwa mji wa kale, dakika 20 hivi kwa miguu. Hili lilijengwa kati ya 1699 na 1731 na Leonardo de Figueroa kwa ajili ya manovisi, yaani wanafunzi wa utawa, wa shirika la Kijesuiti. Baada ya Wajesuiti kufukuzwa Hispania 1767 jengo lilibadilishwa matumizi mara nyingi, likafungwa kwa miaka, na sasa linamilikiwa na serikali ya mkoa, bila misa za kila siku. Kuba kubwa, nguzo zilizosokotwa, dhahabu kila mahali, na kwenye altare masalia ya watakatifu yamepangwa kwenye vijisanduku vya kioo, vipande vya mifupa vyenye vikaratasi vya majina. Chini kuna chumba cha maziko. Michoro ya kwenye kuba ni ya Lucas Valdés, mtoto wa yule yule Valdés Leal. Baba alichora askofu anayeoza, mwana akachora mbingu.

Mwenye nafasi ya moja aende Caridad, bila kusita. Ila kwa mpiga picha, au mtu anayetaka kukaa kwenye benchi peke yake bila kusukumwa, San Luis ni bora, kwa sababu wengi hawafiki kule juu. Mwenye watoto wadogo afikirie mara mbili kuhusu Caridad. Mtoto ataota.

Warumi: chini ya soko au shambani?

Plaza de la Encarnación ilikuwa na soko kuu la mji hadi lilipobomolewa 1973. Walipokuja kuchimba ili wajenge maegesho ya magari chini ya ardhi, wakakuta mji wa Kirumi. Magari yakasahaulika. Leo juu ya uwanja huo pamesimama Setas, yaani uyoga, mwavuli mkubwa wa mbao uliobuniwa na Mjerumani Jürgen Mayer na kufunguliwa 2011, na chini yake ni makumbusho ya Antiquarium. Unatembea kwenye madaraja ya kioo juu ya sakafu za nyumba za watu walioishi hapo tangu karne ya kwanza BK, na juu yao tabaka la nyumba ya Waislamu wa enzi za Almohadi, watawala waliotoka Moroko. Kuna mozaiki ya Medusa, na kuna vibwawa vya kutengenezea samaki wa chumvi. Mimi nilisimama zaidi hapo kwenye vibwawa kuliko kwenye mozaiki. Ni vijishimo vya mraba tu, vimepakwa chokaa, lakini ndivyo vilivyolisha mji.

Italica, magofu ya mji mzima wa Kirumi, ni kitu kingine kabisa. Iko Santiponce, kilomita tisa hivi kaskazini magharibi, na mabasi ya kwenda huko yanaanzia kituo cha Plaza de Armas. Jemadari wa Kirumi Scipio aliuanzisha mji huo 206 KK kwa ajili ya askari wake majeruhi baada ya vita na Wakartago. Kaisari Trajan alizaliwa hapo, na ukoo wa Hadrian ulikuwa wa hapo hapo. Uwanja wa mapigano uliweza kukalisha watu wapatao 25,000, idadi kubwa mno kwa mji wenyewe, na katikati yake lipo shimo lililokuwa na vizimba vya wanyama. Unaweza kupita kwenye mahandaki yale yale. Barabara za mawe bado zimenyooka, na mozaiki zimebaki mahali zilipotengenezwa, nje, juani. Nyumba ya Ndege ina ndege zaidi ya 30, kila mmoja kwenye kijichumba chake. Nyumba ya Neptune ina ukingo wa mandhari ya mto Nile, mamba, na watu wafupi wakipambana na korongo. Hiyo ndiyo Afrika waliyoijua, au waliyojitungia.

Kwa bei hakuna mashindano. Wageni wasio raia wa Umoja wa Ulaya wamekuwa wakilipa euro 1.50 kuingia Italica, na raia wa Umoja hawalipi kitu. Antiquarium nayo ni bei rahisi. Kinachomaliza pesa ni kupanda juu ya paa la Setas, na kusema kweli naona si lazima. Jioni mandhari ni mazuri, lakini hata ukikaa kwenye ngazi za pale chini na aiskrimu utakuwa umeburudika.

Tofauti ni jua. Italica haina kivuli zaidi ya miti michache. Kiangazi nenda na basi la mapema kabisa, kofia, chupa mbili za maji. Kama huwezi kuamka, shuka Antiquarium saa sita mchana, kuna kiyoyozi. Mwezi wa pili au wa kumi na moja, usifikirie hata dakika: Italica.

Ng'ambo ya mto: Triana au Cartuja?

Ukivuka daraja la Isabel II unakanyaga Triana, na jengo la kwanza kulia ni soko. Chini ya soko hilo ndiko kulikuwa na ngome ya San Jorge, makao ya Inkwizisheni kuanzia 1481, mahakama ya Kanisa iliyowasaka Wayahudi na Waislamu waliobatizwa wakishukiwa kubaki na dini zao. Ilikaa hapo, ukiondoa vipindi vya kuhama, hadi 1785. Kilichobaki ni misingi: kuta za goti, sakafu, alama za vyumba. Maelezo ya ukutani ni ya kutafakarisha zaidi kuliko kutisha, hakuna vyuma vya mateso vya kuigiza. Anayetaka msisimko atatoka amenuna. Kisha unapanda ngazi, na juu ya kichwa cha gereza lile kuna mama anapima uduvi na mzee anakata jibini. Mpishano huo ndio unaonifanya niipendekeze. Uliza kwanza kama pamefunguliwa, maana hufungwa kwa matengenezo.

Nyuma ya soko kuna kituo cha ufinyanzi, Centro Cerámica Triana, ndani ya kiwanda cha zamani cha Santa Ana. Matanuri ya matofali bado yapo, na ndiyo yanayoeleza kwa nini kila mlango wa mji huu una vigae.

Cartuja, kisiwa kilicho kaskazini mwa Triana, ni mahali pa watu wanaopenda vitu vilivyoachwa. Hapa ndipo yalipofanyika Maonyesho ya Dunia ya 1992, kuanzia Aprili 20 hadi Oktoba 12, na treni ya kasi ya kutoka Madrid ilizinduliwa mwaka huo huo. Majengo mengine yamekuwa ofisi, mengine yameota majani, na mfano wa roketi ya Ariane bado umesimama wima kana kwamba unasubiri kuondoka. Katikati kuna monasteri ya Santa María de las Cuevas, ambamo mifupa ya Columbus ililetwa 1509 ikakaa miaka kadhaa kabla ya kuanza kusafirishwa tena: Santo Domingo, Havana, kisha kanisa kuu la Sevilla. Mwaka 1841 Mwingereza Charles Pickman aliigeuza monasteri kuwa kiwanda cha sahani na vikombe, akajenga matanuri yenye mabomba marefu kama chupa, na kiwanda kiliendelea humo hadi 1982. Sasa ni makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Andalusia. Mabomba ya kiwanda yanasimama kando ya mnara wa kanisa, na kwenye jengo moja kichwa kikubwa cha msichana kimechungulia dirishani huku mkono wake ukitokeza dirisha jingine. Ni kazi ya msanii Cristina Lucas, na watoto huipenda papo hapo.

Triana ni ya asubuhi, soko likiwa hai, na si Jumapili. Cartuja ni ya alasiri, peke yako. Vyote kwa siku moja vinawezekana, mwendo si mrefu, ila utakuta umeziharibu ladha zote mbili: Triana inataka ukae, ule, ubishane na muuza zeituni. Ukinilazimisha, nachagua Triana kwa mgeni na Cartuja kwa anayerudi Sevilla mara ya pili.

Afrika ndani ya Sevilla: mamba au mtaa wa Conde Negro?

Hapa ulinganisho hauna usawa, lakini wengi wataona cha kwanza na kukikosa cha pili.

Mamba yuko kanisa kuu, amening'inizwa kwenye dari la kibaraza kinachopakana na ua wa michungwa. Amechongwa kwa mti. Aliyemtangulia alikuwa mamba wa kweli aliyejazwa majani. Kisa chake ni kwamba sultani wa Misri, karibu 1260, alituma ujumbe kwa Mfalme Alfonso wa Kumi kuomba binti, akaambatisha zawadi: mamba, pembe ya ndovu, twiga aliyefugwa. Binti hakutolewa. Pembe ya ndovu nayo inaning'inia pale pale, pamoja na lijamu inayosemekana ni ya yule twiga. Tarikh ya mfalme inataja hata punda mwenye milia. Ukiwa umeshakata tiketi ya kanisa kuu hakuna gharama ya ziada. Nyanyua macho tu kabla ya kutoka.

Cha pili kinaanzia nje ya kanisa hilo hilo, kwenye ngazi zenye nguzo na minyororo. Ngazi hizo, Gradas, zilikuwa mahali pa biashara, na mojawapo ya bidhaa ilikuwa watu. Katika karne ya 16 Sevilla ilikuwa kati ya miji ya Ulaya yenye watumwa wengi zaidi. Hesabu ya kanisa ya 1565 ilitaja zaidi ya 6,000 kati ya wakazi wapatao 85,000. Weusi wengi waliletwa kutoka Afrika Magharibi kupitia Ureno. Si pwani yetu, lakini ni habari isiyohitaji kuelezwa mara mbili kwa aliyewahi kusimama Bagamoyo au Mkunazini.

Tembea sasa kuelekea mashariki, dakika 25 hivi, hadi barabara ya Recaredo. Kuna kikanisa kidogo cheupe, rahisi kukipita. Ni cha chama cha kitume ambacho watu wa mji wanakiita Los Negritos, yaani Weusi Wadogo, jina linalokwaruza sikio la leo. Kilianzia kwenye nyumba ya huduma aliyoifungua Askofu Mkuu Gonzalo de Mena mwishoni mwa karne ya 14 kwa ajili ya Waafrika wagonjwa na waliotupwa na mabwana wao. Kwa karne kadhaa wanachama walikuwa Weusi, watumwa na walio huru, na walipigania haki ya kuandamana kwenye Juma Kuu sawa na vyama vya matajiri. Kuna kisa ambacho chama chenyewe kinakitunza: katikati ya karne ya 17, wanachama wawili walio huru waliweka uhuru wao rehani ili kulipia sikukuu ya Bikira Maria. Ndani kuna msalaba wa Andrés de Ocampo wa 1622. Leo wanachama wengi ni Wasevilla weupe, na Alhamisi Kuu bado wanatoka.

Zunguka nyuma ya kikanisa utafute kibao cha mtaa: Conde Negro, mtaa wa Mkuu Mweusi. Ni Juan de Valladolid, mtu mweusi aliyekuwa mtumishi wa ikulu, ambaye watawala Isabel na Fernando walimteua 1475 kuwa msimamizi na mwamuzi wa Weusi wote wa Sevilla, walio huru na watumwa. Aliidhinisha ndoa zao na kusikiliza mashauri yao. Mtaa ni mfupi, una nguo zilizoanikwa na pikipiki. Hakuna kibanda cha tiketi, hakuna cha kununua.

Kwa macho, mamba anashinda. Kwa mtu aliyetoka upande wetu wa dunia, naona mtaa huu na kikanisa kile vingewekwa mbele ya nusu ya orodha niliyoitaja. Fika asubuhi au jioni mlango ukiwa wazi, na usiingie na kamera mbele watu wakiwa wanasali.

Nusu siku ya mwisho: makaburi au Coria del Río?

Makaburi ya San Fernando yako kaskazini, nje ya mji wa kale. Hakuna kiingilio, na basi la mjini linakushusha mlangoni. Unaenda kwa ajili ya makaburi mawili. La kwanza ni la Joselito, mpigana na ng'ombe aliyeuawa uwanjani Mei 1920 akiwa na umri wa miaka 25. Mariano Benlliure alichonga msafara mzima wa watu walionyanyua jeneza: wanawake wanalia, wazee wameinama, wote shaba nyeusi, na maiti peke yake ni marumaru nyeupe. La pili ni Kristo wa Asali, msalaba mkubwa wa shaba uliochongwa na Antonio Susillo, ambaye amezikwa chini yake. Watu waliona asali ikitiririka kutoka mdomoni mwa Kristo, wakasema muujiza, hadi ikagundulika kwamba nyuki walijenga mzinga ndani ya sanamu, ambayo ni tupu. Jina likabaki.

Coria del Río iko kusini, chini ya kilomita 20, na unafika kwa basi. Oktoba 1614 ujumbe wa Kijapani ulioongozwa na samurai Hasekura Tsunenaga, ukitokea Sendai na kupitia Mexico, ulitua hapo kabla ya kuingia Sevilla, ukielekea kwa mfalme na kwa Papa. Baadhi ya wajumbe hawakurudi kwao. Mamia ya watu wa Coria leo wana jina la ukoo la Japón: fundi, mwalimu, hata aliyekuwa mwamuzi wa mpira wa ligi kuu. Kwenye bustani ya kando ya mto kuna sanamu ya Hasekura iliyotolewa na Wajapani, na 2013 mrithi wa kiti cha ufalme wa Japani, Naruhito, alikuja akapanda mti wa mcheri. Baada ya sanamu utavuka mto na pantoni ndogo inayobeba magari, urudi, kisha ule albur, samaki wa jamii ya mkizi, aliyelowekwa kwenye siki na viungo halafu akakaangwa. Pamekwisha. Anayetaka makumbusho atasema amepoteza nauli.

Mimi ningekwenda Coria. Ila mwenye masaa mawili tu achague makaburi, kwa sababu basi la Coria na chakula cha mchana vitakula nusu siku nzima.

Kwa mtazamo mmoja

| Mahali | Muda | Gharama | Jua |
|---|---|---|---|
| Caridad | saa moja | ya wastani | hakuna |
| San Luis | saa moja | ndogo | hakuna |
| Antiquarium | dakika 45 | ndogo | hakuna |
| Italica | nusu siku | ndogo sana na nauli | kali |
| Triana | asubuhi nzima | utakachokula | la kawaida |
| Cartuja | masaa mawili au matatu | ndogo | la kutosha |
| Gradas hadi Conde Negro | masaa mawili | bure | la kawaida |
| San Fernando | masaa mawili | bure na nauli | kali |
| Coria del Río | nusu siku | nauli na samaki | la kawaida |

Kuna kitu kimoja ambacho sikukiweka kwenye jozi kwa sababu kinaingia popote: vitumbua na biskuti za masista wa ndani. Nyumba za watawa wasiotoka nje, kama San Leandro na Santa Inés, huuza vitamu kupitia torno, kabati la mbao linalozunguka ukutani. Unapiga kengele, unasalimu "Ave María Purísima", sauti inakujibu, unataja unachotaka, unaweka pesa, kabati linazunguka na boksi linatokea. Humwoni mtu. San Leandro ni maarufu kwa yemas, vidonge vya kiini cha yai na sukari. Nyumba nyingi za watawa za Andalusia zimepungukiwa na Wahispania, na baadhi sasa zinaendeshwa na masista kutoka Kenya na India, kwa hiyo jaribu "Habari za asubuhi, sista"; unaweza kujibiwa. Wasomaji Waislamu, angalieni: mantecados na polvorones hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Neno la kutafuta kwenye boksi ni manteca. Yemas hazina.

Ukibakiwa na siku moja, mimi ningeipanga hivi: Caridad mlango unapofunguliwa, kisha Gradas, Conde Negro na Los Negritos kabla ya mchana, boksi la yemas njiani, chakula, usingizi, na Triana jioni upande wa mto, hata kama soko limefungwa. Siku ya pili ni ya Italica, au Coria kama Warumi hawakuvutii.

Na ndege ikikutua Jumapili usiku, basi kesho yake sahau Italica, San Luis, Antiquarium na Cartuja, zote hufungwa Jumatatu. Panda basi la Coria asubuhi, na Caridad uiache hadi alasiri ukirudi.